MKONO HAUFIKI, LAKINI KODI INAFIKA

Ndugu wafanya kazi,

Kila mwisho wa mwezi kodi ya nyumba hukatwa katika mshahara wetu kabla hatujauona mshahara wenyewe. Kodi haikosi njia. Haizuiwi na ukuta, hainaswi na kutu, wala haingoji fundi. Lakini nati moja ya choo ikilegea nyuma ya tangi, pale penye nafasi ya vidole viwili tu baina ya tangi na ukuta, twaambiwa kwamba hapafikiki, tungoje. Wiki ya kwanza twangoja. Wiki ya pili twaweka debe chini. Mwezi wa pili debe limekwisha kuwa mmoja wa vyombo vya nyumba, na watoto wamezoea kuliruka.

Sisi tunasema kwamba bomba lisilofikiwa na mkono si bahati mbaya, wala si amri ya Mungu. Liliwekwa pale na mtu, na kilichowekwa na mtu chaweza kuulizwa maswali, na tena chaweza kutengenezwa. Basi leo tuna maneno kwa watu wa namna tatu: wajengao nyumba, wakusanyao kodi, na sisi wenyewe tukaao ndani.

Tuanze na wajengao. Katika karakana za reli hakuna asiyelijua shimo la ukaguzi. Ni handaki lililochimbwa baina ya reli mbili. Injini husimama juu yake, na fita hushuka chini akasimama na kutazama breki na akseli, kila nati mbele ya macho yake. Shimo hilo halivuti behewa wala halileti hata senti moja ya nauli. Mbona basi lilichimbwa, na kwa gharama kubwa? Ni kwa sababu wale waliolichimba walijua jambo moja: chuma kifanyacho kazi kitaharibika, na kikiharibika lazima mtu akifikie. Injini ambayo kubadilisha kipande chake kidogo kwataka kufunguliwa nusu ya mashine, mafundi huilaani, na mwenye kuichora hasifiwi.

Sasa tutoke karakana twende nyumbani. Bomba la choo limezikwa ukutani kwa simiti, na juu ya simiti vimepangwa vigae vizuri ili pawe pa kupendeza. Tangi limesukumwa mpaka likabana ukuta. Koki ya kufungia maji ya choo hicho haipo. Iko moja tu kwa jengo zima, tena imo katika chumba kilichofungwa, na ufunguo uko kwa mtu ambaye saa kumi na moja jioni amekwisha kwenda kwao. Manholi imefunikwa kwa zege alipoongezewa jirani jiko. Twauliza: aliyechora haya alidhani nani atakuja kuyatengeneza? Alidhani mpira wa vali hauchakai? Injini ya kubeba mawe na mafuta imepewa shimo la ukaguzi, na choo cha mama na watoto watano hakikupewa nafasi ya kupitisha spana!

Wengine watasema kwamba choo ni jambo dogo la kuandikiwa karatasi nzima. Hao hawaijui historia ya mji wetu. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi na stesheni ya reli, mahali penye matope, na watu wakajaa upesi kuliko mabomba. Mwaka 1902 tauni iliingia, na dawa iliyoonekana na wakubwa wa wakati ule ilikuwa kuuchoma moto mtaa wa maduka. Mji wa reli ulifundishwa mapema bei ya uchafu ni nini. Tena wakati wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, walipoacha kazi mwezi wa Januari 1947, malalamiko yao hayakuwa mshahara peke yake. Nyumba nazo zilikuwamo. Wazee wetu hawakuona haya kutaja nyumba mbele ya wakubwa. Sisi tuone haya kutaja choo?

Na tuliosoma misheni twajua kwamba hata katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, jambo hili limo. Wana wa Israeli waliagizwa kuwa na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kitu cha kuchimbia miongoni mwa zana zake. Angalieni: Musa hakuwaambia waandike barua wangoje. Aliwaagiza mahali, tena akawaagiza na chombo. Sisi tumepewa mahali, chombo hatukupewa, na mahali penyewe pamebanwa.

Sasa kwa wakusanyao kodi. Bwana wa ofisi ya nyumba hupenda kusema kwamba tone la maji ni tone tu. Tufanye hesabu ya darasa la nne. Choo kinachovuja lita moja kwa kila dakika kumi, na hiyo ni michirizi midogo ambayo usiku hata hutaisikia, chapoteza lita 6 kwa saa. Kwa siku ni lita 144, yaani madumu saba ya lita 20 na kitu juu. Kwa siku 30 ni lita 4,320. Mke wa mfanya kazi anunuaye maji kwa dumu mabomba yanapokauka aijua bei ya madumu saba ya kila siku. Aulizwe yeye kama ni tone tu. Na pale ambapo mita ni moja na watu ni wengi, maji hayo huandikwa katika hesabu yetu sote, hata sisi ambao choo chetu hakivuji.

Tena sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema kwamba mwajiri atampa mfanya kazi nyumba ya kufaa kwa gharama ya mwajiri mwenyewe, au atamlipa fedha za kutosha za kodi juu ya mshahara, ila pale mkataba wa kazi au mkataba wa pamoja uliposema kwamba posho ya nyumba imo ndani ya mshahara. Kifungu cha 32 chataja maji safi ya kutosha. Na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya nyumba ya kutosha na usafi wa kadiri ifaayo, na haki ya maji safi na salama. Wapangaji wa nyumba za zamani za reli pale Muthurwa walikwenda mahakamani mwaka 2010 walipokuwa wakiondolewa, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki yao ya nyumba ilivunjwa. Basi atakayetuambia kwamba choo ni fadhila ya mwenye nyumba, aambiwe kwa upole kwamba amechelewa kusoma.

Sasa twafika kwetu wenyewe, na hapa maneno yatauma.

Wako wenzetu wasemao: "Kazi ya choo si kazi ya mtu kama mimi." Ndugu, tangu lini? Mtu huyo huyo kutwa nzima mikono yake imo ndani ya grisi na moshi wa dizeli, wala haoni aibu. Akifika nyumbani mkono umekuwa mkono wa bwana harusi. Na kwa kuwa yeye hagusi, mkewe ndiye abebaye ndoo kumwaga maji katika choo kisichovuta, asubuhi na jioni, miezi mitatu. Aibu haiko katika kushika bomba. Aibu iko katika kumwachia mwingine ndoo.

Wako na wengine, nao twawaheshimu zaidi kwa sababu neno lao lina uzito. Hao husema: "Tukitengeneza wenyewe tumemfanyia mwenye nyumba kazi ya bure. Kesho atatuambia tupake na rangi." Hilo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba kazi isiyoandikwa ni zawadi, na mwenye nyumba hapaswi zawadi kutoka kwa maskini. Lakini nusu ya pili ni hii: choo kilichoharibika hakimwumizi yeye, kinatuumiza sisi. Akichelewa miezi mitatu yeye hapatwi na homa ya matumbo. Mgomo ambao mgomaji ndiye anayenuka na mwajiri analala vizuri si mgomo. Kwa hiyo neno letu ni hili: lile dogo tulitengeneze kwa mikono yetu leo, tuliandike, na tulidai. Lile kubwa, kama bomba lililozikwa ukutani au mfereji uliovunjika chini ya ardhi, tusiliguse. Tulipeleke ofisini kwa barua yenye tarehe, tubaki na nakala.

Na lile dogo lafanywaje, ikiwa mkono haufiki? Tuliofanya kazi hizi katika nyumba zetu twaeleza kwa ufupi.

Kwanza maji yafungwe. Kama hakuna koki ya choo, patafutwe koki ya jengo, na majirani waambiwe tangu jana saa ambazo maji hayatakuwapo, ili wateke akiba. Ukifunga maji ya watu bila taarifa, wema wako utageuka ugomvi. Kisha choo kivutwe mara moja, na maji yaliyobaki ndani ya tangi yakaushwe kwa kitambaa.

Pili, tazama kabla ya kushika. Watu wengi huingiza mkono gizani na kuanza kuzungusha wasichokiona. Kioo kidogo cha kunyolea na tochi vyatosha kuonyesha mgongo wa tangi. Siku hizi hata simu yaweza kuingizwa nyuma ikapiga picha, ukaiona nati, na kutu, na mahali maji yatokapo hasa. Maji hudanganya, hutoka juu yakaonekana chini. Kausha pote, zungushia karatasi kavu katika kila kiungo, na karatasi itakayolowa kwanza ndiyo itakayosema kweli.

Tatu, usipigane na nafasi, iongeze. Hili ndilo kubwa. Matangi mengi ya siku hizi hukaa juu ya bakuli la choo na kushikwa na bolti mbili kwa chini, na pengine skurubu za ukutani. Mtu hukaa saa mbili akichubua vidole nyuma ya tangi, na kumbe kama angalifungua bolti zile akaliteremsha tangi lote, kazi angaliifanya sakafuni, kwenye mwanga, kwa robo saa. Lakini apate mpira mpya wa kati ya tangi na bakuli kabla ya kuanza, kwani ule wa zamani ukiisha kubandukana mara nyingi haufungi tena.

Nne, ikiwa tangi haliwezi kutolewa, kuna spana maalumu yenye shina refu na meno yapindukayo kichwani, ishikayo nati kwa chini pasipofika mkono. Bei yake si ya kutisha ikiwa familia kumi zachanga. Nati ya chuma iliyoshikwa na kutu ipakwe mafuta ya taa usiku, ifunguliwe asubuhi. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anashika vali ndani ya tangi isizunguke, mwingine anazungusha nati kutoka chini, kinyume cha mwendo wa saa akiitazama kwa chini. Mmoja akifanya peke yake, vali huzunguka pamoja na nati, boya huganda ukutani, na pengine tangi lenyewe hupasuka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haufungui nati ya tangi.

Tano, katika kurudisha, nguvu iwe na adabu. Tangi la kauri si reli. Nati ikazwe kwa vidole mpaka ikatae, kisha spana iongeze kidogo tu. Penye nyuzi za chuma utepe mweupe uzungushwe kwa upande ule ule wa kukazia; penye washa ya mpira utepe hauhitajiki. Maji yakifunguliwa, yafunguliwe pole pole.

Sita, kama tangi lavujia ndani ya bakuli kimya kimya, weka rangi ya chakula au chai nyeusi nzito ndani ya tangi, ungoje nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana chini katika bakuli, mpira wa kuzuia maji umechakaa, ubadilishwe. Huo hauhitaji hata spana ndefu.

Saba, choo kilichoziba. Katika kila choo kuna goti la bomba linaloshika maji kiasi cha inchi mbili hivi, na maji hayo ndiyo mlango uzuiao hewa mbaya ya mfereji isiingie nyumbani. Njia hiyo ya kupinda bomba iliandikishwa London mwaka 1775 na Alexander Cumming, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Basi usitoboe goti kwa hasira. Tumia pampu ya mpira kwanza, kisha waya wa kuzungusha. Kama vyoo viwili au vitatu vimejaa kwa pamoja, ujue kosa si lako, liko mbele katika mfereji. Hapo ni manholi na fimbo za kuzibulia. Na wenye kumwaga dawa kali ya kuunguza wakumbuke kwamba mkono utakaofuata kuingia mle ni wa mwenzao.

Na hapa twasema kwa sauti kubwa: MTU ASISHUKE NDANI YA MANHOLI WALA SHIMO LA MAJI MACHAFU. Hewa ya mle huua, nayo huua upesi. Anayeshuka huanguka, na ndugu yake anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Fimbo huingizwa na mtu akiwa amesimama juu. Kazi ya kushuka ni ya watu wenye vifaa vyake, na mwenye nyumba ndiye wa kuwalipa. Hakuna choo kinachostahili jeneza.

Basi tudai nini? Tunadai mambo manne, na kila mkutano wa tawi uyaseme mpaka yasikike.

1. Kila choo katika nyumba za wafanya kazi kiwe na koki yake ya kufungia maji, mahali panapofikika na mtu mzima bila kulala kifudifudi.

2. Nyumba ikijengwa au kutengenezwa upya, bomba la choo lisizikwe. Lipite nje ya ukuta, au liwe nyuma ya kibao cha kufungua kwa skurubu, na tangi lipewe nafasi ya mkono na spana kutoka ukutani. Manholi zisijengewe juu.

3. Kila jengo liwe na sanduku moja la vifaa: spana ya shina refu, pilasi, kioo, tochi, pampu ya mpira, washa na mipira ya akiba. Tunaanza wenyewe kwa mchango, na gharama tunaiandika.

4. Pawe na daftari la matengenezo katika kila jengo. Tarehe choo kilipoharibika, tarehe ofisi ilipoambiwa, nani alitengeneza, saa ngapi, risiti kiasi gani. Daftari hilo lipelekwe na wajumbe wetu katika mazungumzo na mwajiri. Lakini ndugu asijikatie kodi mwenyewe kwa sababu ana risiti mkononi, maana hapo atampa mwenye nyumba sababu ya kumfukuza. Risiti moja ni makelele ya mtu mmoja. Risiti mia, zenye tarehe, ni hoja ya chama.

Wako watakaocheka kwamba chama kimeingia chooni. Wacheke. Chama kimeingia pale mfanya kazi anapoumia, kiwe ni kiwandani, njiani au nyuma ya tangi. Ukuta uliojengwa bila kumfikiria fundi ulijengwa bila kutufikiria sisi, nao utaendelea kujengwa hivyo mpaka atakayechora nyumba ajue kwamba tutamwuliza swali moja kabla ya simiti kukauka: mkono utapita wapi?

Majina ya watakaoshika daftari katika kila jengo yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Wenye spana ndefu waje nazo, wawafundishe wengine.

Ni sisi wenzenu.